Brashi ya vakyumu inazunguka hewani, ikigusa zulia inasimama

MwanaRaskazone
Asalaam aleikum, na wengine habari za saa hizi. Naombeni msaada kwa wanaozijua hizi mashine za kufyonza vumbi. Msikitini kwetu huku Tanga tuna vakyumu ya kusimama, zile za kusukuma ambazo mfuko wa vumbi uko kwenye mpini na chini kuna brashi ya mviringo inayozunguka. Ilitumwa na ndugu yetu mmoja yuko Uingereza, ilikuja imeshatumika lakini ilikuwa inapiga kazi vizuri tu.

Sasa brashi imeanza visa. Ukiiwasha ukainyanyua kidogo inazunguka, ukiishusha kwenye zulia inazunguka kwa kusuasua halafu inasimama, ila mota inaendelea kunguruma na ukiweka kiganja unahisi inavuta. Ukiiacha hivyo dakika moja mbili inakuja harufu ya mpira unaoungua, juzi mzee mmoja katoka chumba cha udhu anauliza nani kachoma tairi.

Fundi wa mtaani alishabadilisha mkanda, ule mpya haukukaa ukakatika, akaweka mwingine ndo huu unaonuka. Sasa anasema mota imechoka tuagize nyingine, na bei aliyoitaja ni kama ya kununua mashine nzima. Hela yenyewe ni ya sanduku la sadaka, siwezi kwenda kwa kamati na neno la "labda". Mazulia yetu ni yale mazito yenye mistari ya safu, mapya mapya, na Ijumaa hiyo inakuja. Nianzie wapi?

Chalii_Ngarenaro
Anzia kwenye fagio la chelewa mkuu. Halina mkanda, halina mota, halinuki 😂

MwalimuMstaafu
Chalii, chelewa kwenye zulia zito linarusha vumbi juu, halafu linatua palepale watu wanaposujudu. Hata huyo aliyebuni mashine ya aina hii alikuwa mfagiaji kama unavyotaka wenzio wawe, James Murray Spangler, alikuwa anafagia duka kule Canton, Ohio, na ana pumu, vumbi la mazulia likawa linamtesa. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto akatengeneza ya kwake, hataza akapata 1908 kisha akamuuzia mfanyabiashara mmoja, William Hoover. Wazo ni lilelile mpaka leo, mota inavuta hewa na hiyohiyo inazungusha brashi. Ila namna ya kuitengeneza siijui, nawaachia mafundi.

BintiDiani
Mie nafanya usafi wa vyumba hotelini huku Diani, hizi mashine nimelala nazo nimeamka nazo. Kabla hujafungua chochote kaka, angalia vitu viwili vya bure. Kwanza nyingi za kusimama ukiuacha mpini umesimama wima brashi inajizima au inajinyanyua, lazima uulaze mpini mpaka usikie "kta" ndo ifanye kazi. Pili zingine zina swichi au kanyagio la kuchagua sakafu na zulia, ikiwa kwenye sakafu brashi haizunguki hata uipigie magoti. Wageni wa kazi wote wanaletaga mashine stoo wanasema imekufa, kumbe kanyagio.

Lakini ukishasema harufu ya mpira mie nasema ni nyuzi. Huku kwetu ni nywele za wageni na mchanga wa ufuoni, hiyo mchanganyiko wallahi ni simenti.

FundiGerezani
Ustadhi mota yako ni nzima, usitoe hela ya watu. Hizo za mtindo huo mota ni moja tu kama alivyosema mwalimu, ncha ya shafti yake inatokeza kwa chini, mkanda bapa wa mpira unapita hapo na upande wa pili umezunguka brashi. Mota ingekuwa imechoka hata kufyonza kungelegea, ungeona cheche nyingi za kaboni na harufu ingekuwa ya waya, sio ya mpira. Harufu ya mpira maana yake brashi imegoma, mkanda nao umesimama, halafu shafti inaendelea kuzunguka ndani ya mkanda uliosimama, na hiyo shafti inakwenda mizunguko zaidi ya elfu kumi kwa dakika, mpira gani utavumilia. Ndo maana unakatika. Hewani inazunguka kwa sababu haina mzigo, ikipata zulia inashindwa.

Fundi anayebadilisha mkanda mara ya pili bila kuishika brashi kwa mkono akaizungusha, huyo anauza mikanda.

Fanya hivi. Chomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi, chomoa kabisa na uiweke plagi unapoiona, maana msikitini watoto wapo na kuna mtu atapita ataichomeka akijua anasaidia. Tandika gazeti, laza mashine chali tumbo likuangalie, fungua kile kibamba cha chini, zingine ni skrubu zingine ni vibanio vya kuzungusha na sarafu. Kabla hujatoa kitu piga picha na simu uone mkanda umepita vipi, kwa sababu ukiurudisha umejisokota kinyume brashi itazunguka kinyume na itakuwa inatupa takataka mbele badala ya kuzileta mdomoni, mashine nyingi zina mshale umechorwa kwenye bodi ukifuata huo hukosei.

Toa brashi nzima ikae mkononi. Shika ncha mbili, izungushe kwa kidole. Nzima inatakiwa ukiipiga kidogo iendelee yenyewe mizunguko kadhaa. Ikisimama hapohapo, au ikizunguka kwa kukwaruza, tatizo umelipata.

Nyuzi zilizojizungusha kwenye mwili wa brashi hizo zikate na wembe kwa urefu, pita katikati ya mistari ya manyoya usikate manyoya yenyewe, halafu vuta. Hizo zinatisha kwa macho tu. Zinazoua ni zile zilizozama kwenye ncha, katikati ya kifuniko na mwili wa brashi, pale ndo kuna beringi, au bushi ya shaba, yaani pete tu isiyo na gololi, kwa zile za zamani. Toa vifuniko, vingine vinafunguliwa na bisibisi vingine vinavutwa na koleo polepole, usitumie nguvu plastiki ya zamani inapasuka. Chomoa uchafu na sindano ya kushonea au kibano cha nyusi, usisukume ndani.

Beringi ikiwa inakwaruza baada ya kusafisha badilisha, usijipe moyo. Soma namba pembeni uende nayo dukani, mfano 608 ni tundu la 8mm, nje 22mm, upana 7mm, hizo zimejaa kila duka la beringi. Yako inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo, nenda nayo mkononi. Ikiwa ni bushi tone moja la oili ya cherehani linatosha, usipake grisi ya gari, itabeba mchanga wote wa Tanga.

Halafu kuna kitu watu wanakiruka. Shafti ya mota pale mkanda unapopita, itazame na tochi. Lazima kuna tabaka jeusi la mpira ulioyeyuka limegandia. Ukiweka mkanda mpya juu ya lile tabaka utateleza tena. Likwangue na kitu butu kisha ufute na kitambaa chenye spiriti mpaka chuma king'ae, usitumie msasa mkali utachimba mistari na mistari inakula mkanda.

Niambie umekuta nini, na uniambie pia mashine ina kitufe cha kupandisha na kushusha brashi au haina.

Kijana_wa_Buguruni
Fundi kaandika kitabu lakini swali la mikanda bado, Tanga atapata wapi mkanda wa vakyumu ya Uingereza? Mi mama yangu alikuwa na kama hiyo, nilikata tyubu ya baiskeli pete moja ya upana uleule nikaivalisha, ikazunguka fresh tu. Chukua tyubu ya zamani isiyo na viraka mkuu usihangaike.

FundiGerezani
Tyubu inafanya kazi sikatai, na Ijumaa ikikukuta huna kitu vaa tyubu. Ila ile ni mpira wa kushika upepo, inavutika inabaki imevutika, na ukitumia inapata joto inalegea zaidi. Halafu watu wanaikata na mkasi, ukingo unakuwa na vijino, kijino kimoja ndo mwanzo wa kupasuka. Na wengine wanaikaza kupita kiasi, brashi inazunguka kweli lakini beringi na bushi ya mota zinavutwa upande mmoja mchana kutwa. Tyubu ni ya kusogeza siku, sio ya msikiti wenye safu za watu mia.

Mkanda halisi tafuta namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi ipo hata kama imefifia, na modeli kwenye kibati nyuma ya mashine. Usipime ule uliokatika ukasema ndo urefu wake, ushavutika huo. Pima upana na unene, urefu uupate kwa modeli. Ndugu yenu huko Uingereza aulizwe, ni kitu chepesi kinaingia kwenye bahasha, na atume zaidi ya mmoja maana mkanda bapa ni wa kuchakaa hata kwa matumizi mazuri. Kwa bahati nzuri Uingereza na sisi umeme ni uleule volti 230, ingekuwa mashine ya Japani ya volti 100 au ya Marekani 120 maswali yangekuwa mengine na ningekuuliza stepdauni kwanza, ile transfoma ya kushusha umeme.

MwanaRaskazone
Jazakallah khair fundi. Nimefungua jana baada ya isha nikiwa na kijana mmoja ananishikia tochi. Dada wa Diani nimeangalia mpini na kanyagio kama ulivyosema, vyote viko sawa.

Brashi upande wa kushoto ilizunguka laini. Upande wa kulia ngumu kabisa, ukiizungusha inarudi nyuma yenyewe kama inavutwa na springi. Juu kulikuwa na manyoya ya zulia, yale mapya yanayomwaga pamba, tumekata na wembe mfuko mzima wa rambo. Kifuniko kimetoka kwa koleo, na ndani sikuamini: uzi wa nailoni wa tasbihi, umejizungusha kwenye ile pini ya chuma mpaka umebana kama umefungwa kwa mashine, na joto limeuyeyusha kidogo ukagandana. Shanga mbili zilikuwemo, moja imesagika nusu. Ule uzi ndo ulikuwa unajikaza kila brashi ikizunguka. Mzee mmoja alisema tasbihi ilimkatikia safu ya nyuma na shanga waliziokota zote, uzi hakuna aliyeukumbuka.

Kwenye shafti pia lile tabaka jeusi lilikuwepo, limekaa kama lami. Nimekwangua na ncha ya kijiko kisha spiriti. Beringi ya kulia inazunguka sasa lakini ukiisikiliza kuna mchanga. Nimerudisha mkanda uleule maana mwingine sina. Zulia jembamba la sehemu ya wanawake inapita vizuri sana. Lile zito la ukumbi mkubwa inazunguka ila sauti inashuka, inakuwa nzito, sijaiacha muda mrefu naogopa harufu. Kitufe cha kupandisha kipo, gurudumu dogo mbele lina namba 1 mpaka 5, limekaa 1.

FundiGerezani
Hapo kwenye 1 ndo jibu lililobaki. 1 ni ya zulia jembamba, brashi imeshushwa kabisa, kwenye zulia zito manyoya ya brashi yanazama mzima mzima na brashi inakuwa inalima. Anza juu kabisa, 5, washa, shusha namba moja moja mpaka usikie sauti ya mota imebadilika kidogo tu na zulia linatikisika, hapo acha. Watu wanadhani chini zaidi ndo usafi zaidi. Ncha za manyoya ndo zinapiga vumbi, zikilala hazipigi.

Beringi yenye mchanga badilisha mapema, usisubiri ilie. Na huo mkanda ushaungua, utakupa siku chache, upande wa ndani utaona unang'aa kama kioo, hiyo ni sehemu iliyopikwa haishiki tena.

BintiDiani
Mashaallah uzi wa tasbihi! Sisi ni kamba za nguo za kuogelea na nyaya za chaja. Mie nawaambia wasichana wangu kabla ya kuwasha wapite na macho, kitu kirefu chochote kiokotwe kwa mkono, uzi, kamba, lebo ya nguo. Vakyumu inakula mchanga, vitambaa haiwezi. Na ile brashi kila wiki geuza mashine kata nyuzi, ukizoea haikuchukui hata muda wa kuchemsha chai.

MwanaRaskazone
Nimeweka 4. Imepita ukumbi mzima bila kusimama na harufu hakuna. Beringi nimepata hapa mjini kwa muuza vipuri vya pikipiki, ilikuwa na namba kweli, bei ndogo mpaka nimemuuliza mara mbili. Mikanda ndugu anatuma. Kuhusu yule fundi wa mota nimemwonesha ule uzi, kasema "basi mimi nilijua".

Chalii_Ngarenaro
"Mimi nilijua" 😂😂 huyo fundi tunaye kila mtaa

MamaRasta_Temeke
Jamani nidandie hapahapa. Mimi nina saluni, nina vakyumu ya kuchaji isiyo na waya, kichwa chake kina brashi. Inazunguka sekunde chache inasimama, taa inawaka nyekundu, nikizima nikiwasha inarudi tena kidogo halafu inasimama. Mkanda sijauona popote. Huku ni vipande vya rasta asubuhi mpaka jioni.

Mswahili_Muscat
Dada yako ni ya aina nyingine, nimeshafungua nyingi huku kwa majirani. Hiyo brashi ina mota yake ndogo ndani ya kichwa, haitegemei mota ya kufyonzea. Mzigo ukizidi saketi inakata umeme isiungue, ndo hiyo taa, inajilinda hiyo, haijafa. Kwa hiyo usiiwashe washe kwa hasira, kila ukiwasha imebanwa unaipika. Toa kichwa, kwa pembeni kuna kifuniko cha duara chenye mfereji, kizungushe na sarafu brashi itatoka kwa ubavu.

Na rasta ni mbaya kuliko nywele za mtu. Nywele zinakatika, rasta ni plastiki, ikijizungusha ikapata joto la msuguano inayeyuka inakuwa pete ngumu kwenye shafti. Ukikuta pete usiivute, ikate na wembe kidogo kidogo kwa urefu. Mkanda upo ila umefichwa ndani ya ubavu, ni mdogo wa meno, huo mara nyingi hauna shida, ukiwa umepasuka utasikia mota inalia "wiiii" na brashi haigeuki kabisa. Wewe yako inageuka kwa hiyo mkanda ni mzima.

Ukisafisha na bado haizunguki hata kidogo, hapo angalia pini za chuma kichwa kinapoingia kwenye bomba. Kwa sisi wa pwani chumvi ya hewa inazitia ukungu wa kijani, zisugue na kifutio cha penseli, betri ikiwa imetolewa. Jaribu pia kuchomeka kichwa moja kwa moja kwenye mwili wa mashine bila bomba, kikizunguka basi waya wa ndani ya bomba ndo umekatika, kisipozunguka ni kichwa chenyewe, mara nyingi kwenye shingo inapokunja waya unakatikia ndani ya ganda usiuone. Hapo ndo unampelekea fundi mwenye mita.

MamaRasta_Temeke
Kwa hiyo naweza kuiosha ile brashi na maji?

Mswahili_Muscat
Brashi peke yake ikishatoka, na kama kitabu chake kinaruhusu, nyingine zina beringi ambayo haitaki maji. Ikauke siku nzima kabla hujairudisha. Kichwa usikitie maji hata tone, mota iko humo. Na kwa wenye vakyumu za waya zenye kichwa cha umeme wasichukulie huu ni mchezo uleule, nyingi zinapitisha umeme wa ukutani wenyewe kwenye mpira wa kufyonzea mpaka kwenye kichwa, volti 230 au 240 kamili. Bila kuchomoa plagi usishike pini hizo.

Kijana_wa_Buguruni
Kuna nyingine brashi haina mkanda wala mota, nimewahi kuona ndani kuna kipangaboi kidogo tu.

Mswahili_Muscat
Hizo za upepo. Hewa inayofyonzwa ndo inazungusha hicho kipangaboi, kwa hiyo brashi ikisimama usianze na brashi, anza na mfuko uliojaa, filta iliyoziba au soksi iliyokwama kwenye mpira. Kufyonza kukirudi brashi inarudi yenyewe. Na kwenye zulia zito hazina nguvu hata zikiwa mpya, kuna kitundu cha kutelezesha kwenye mpini, ukifungue kidogo kichwa kisinate.

MamaRasta_Temeke
Pete ipo! Nyeusi na burgandi. Nimeanza kukata.